Mpangilio wa Spoku katika Gurudumu la Mizigo
Baiskeli nzito za muundo wa Kiingereza, ambazo Wakenya waliziita Black Mamba na ambazo zilibeba mizigo katika nyanda za juu za Gusii, Gesima ikiwemo, ziliurithi mpangilio wa mshazari wa spoku, yaani vijiti vya chuma vinavyounganisha kitovu na rimu, ambao James Starley wa Coventry aliupatia hataza mwaka 1874. Spoku zinazonyooka moja kwa moja kutoka kitovuni hazihimili vyema msokoto wa mnyororo, ilhali zinazotoka kwa mshazari na kupishana, kwa kawaida mara tatu au nne, huusafirisha hadi kwenye rimu. Na kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo lililoelemewa, lilipewa spoku 40, la mbele 32. Mpangilio wa kunyooka, hata ungependeza macho, haulifai gurudumu hilo la nyuma.