Carl Jones na kozi wanne wa Morisi

Morisi ilipomtangaza kozi wake kuwa ndege wa taifa mwaka 2022, nje ya kisiwa hicho ni wachache waliokumbuka kwamba mwaka 1974 kozi waliojulikana kuwapo porini walikuwa wanne tu. Dodo kila mtu anamjua. Kozi hasimuliwi, na naona ni hasara kwetu sote tunaoishi kandokando ya Bahari ya Hindi.

Kozi hao walipungua kwa sababu za binadamu: misitu ilifyekwa kupisha mashamba ya miwa, DDT ikapuliziwa kuua mbu wa malaria, na tumbili, panya na nguchiro walioletwa na binadamu wakawa wanavamia viota.

Carl Jones, kijana wa Wales aliyezoea tangu utotoni kufuga ndege wawindaji waliojeruhiwa, alifika Morisi mwaka 1979. Hakutumwa kuokoa chochote. Baraza la kimataifa la kuhifadhi ndege lililomwajiri lilimtaka aufunge mradi na kuikabidhi serikali kilichosalia, maana majaribio ya kuwazalisha kozi hao kizimbani yalikuwa yamegonga mwamba.

Mwaka huohuo Norman Myers, mwanamazingira Mwingereza aliyeishi Kenya miaka mingi, alitoa kitabu The Sinking Ark. Humo alimtaja waziwazi kozi wa Morisi: aachwe afe, fedha zake ziende kwa ndege wengine wenye matumaini zaidi. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Fedha za uhifadhi hazijawahi kutosha, na wanasayansi wengi wa wakati ule waliamini kwamba ndege akishabaki wachache kiasi hicho, kumlea kwa mikono ni kupoteza muda. Bora kulinda msitu.

Jones alikataa kuondoka. Alipanda majabali ya bonde la Black River na kuchukua mayai ya kwanza ya msimu, akijua kwamba jike aliyepoteza mayai mapema hutaga tena. Mayai aliyatia kwenye mashine ya kutotolea, na vifaranga wakalishwa nyama ya kware iliyosagwa, kipande kwa kipande, kwa kibanio. Wazazi waliobaki porini hakuwasahau: alisimama chini ya miti na panya mweupe mkononi, akamrusha, kozi akashuka kwa kasi na kumdaka hewani. Kwa shibe hiyo jike alipata nguvu za kutaga mara ya pili. Gerald Durrell, mwanzilishi wa bustani ya wanyama ya Jersey, alimuunga mkono wakati wengine walimpa kisogo.

Kufikia mwaka 1994 kozi 333 walikuwa wameachiwa porini. Hesabu ya Myers ilikuwa imekosea, na alikosea kwa sababu hakuingiza humo ubishi wa mtu mmoja.

Njia zilezile zilimwokoa njiwa wa waridi na kasuku wa kijani wa kisiwa hicho. Mwaka 2016 Jones alipewa Tuzo ya Indianapolis.

Lakini mwaka 2014 kozi alirudishwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, baada ya idadi yake upande wa magharibi kushuka. Heshima ya ndege wa taifa anaistahili. Sasa serikali ya Morisi itenge fedha za kila mwaka za visanduku vya viota, na za vijana wa kuvikagua kila msimu wa kutaga.