KNCU: Ushirika Ulioanzia kwenye Bomba la Dawa

Kahawa ilifika Kilema, Kilimanjaro, na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga waliipokea wakaipanda kihambani, yaani kwenye shamba la kuzunguka nyumba, chini ya migomba. Walowezi wa Kizungu wakalalamika kwamba wadudu wa vihamba watahamia kwenye mashamba yao. Nadhani kilichowauma zaidi ni kwamba mwenye kahawa yake haji kuwa kibarua.

Basi mwaka 1925 kikaundwa chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNPA, chini ya Joseph Merinyo. Kazi za mwanzo za chama hicho zilikuwa kununua dawa na mabomba ya kupulizia, hoja ya wadudu ikose mashiko. Baadaye kikauza kahawa ya wanachama kwa pamoja, na kikaanza kusema kwa sauti ambayo serikali ya kikoloni haikuipenda. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya ushirika, meneja wake akiwa Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Mwaka 1937 bei ilikuwa imeanguka, na mkulima hakuruhusiwa kuuza kwingine. Watu wakavamia maghala ya vyama vyao wenyewe. Wasimulizi wa sherehe za ushirika hupenda kuuruka mwaka huo.

Kazi yenyewe katika ushirika ilikwenda hivi: mkulima alichuma kahawa nyekundu tupu, akaimenya kwa mashine ya mkono siku ileile, akaiacha ichachuke, akaiosha, akaianika kwenye vichanja huku akiichambua. Ikikauka, alibeba gunia la kahawa ya maganda hadi chama cha msingi, likapimwa, akapewa malipo ya kwanza. Kahawa ilikwenda kukobolewa Moshi, ikauzwa mnadani, ndipo yakaja malipo ya pili. Hayo ndiyo yaliyolipa karo na kuezeka mabati.

Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini. KNCU ikarudi mwaka 1984, ila miaka kumi baadaye soko likafunguliwa, na mnunuzi binafsi akaja na pesa taslimu mpaka mlangoni. Malipo ya pili hakuwa nayo, lakini mwenye mgonjwa ndani hakusubiri mnada. Vyama vingine vya msingi navyo vikaamua kuuza bila kupitia muungano.

Siku hizi baadhi ya vyama vina mtambo wa pamoja wa kumenya: mkulima anapeleka kahawa mbivu, inapimwa, kazi ya maji na vichanja inabaki kwa chama. Nyuma ya nyumba nyingi za mlimani, hata hivyo, ile mashine ya mkono bado imefungiwa kwenye gogo lake.