Pumzi, kiuno na njia ya wapagazi

Wadau, ukimya wangu umesababishwa na kiuno. Miezi minne sasa, nikikaa kwenye kompyuta nusu saa tu, kinawaka moto. Kwa mwandishi wa habari hilo si jambo la mchezo. Nilishaanza kuwaza kazi nyingine.

Mtaalamu wa viungo hapa Dodoma akaniandikia tiba iliyonichekesha: kupumua! Lala chali, kunja magoti, weka mkono tumboni, vuta hewa puani taratibu mpaka mkono uinuke, kisha itoe polepole zaidi. Na kila jioni nitembee. Nilitoka pale nikijiona nimeliwa hela.

Nikaanza kuchimba historia. Karne ya 19 Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walivuka nyika kavu ya Marenga Makali na mizigo ya karibu kilo 30: pembe za ndovu, marobota ya nguo. Richard Burton, aliyepita huku mwaka 1857, aliandika jinsi walivyokuwa wakiimba na kupiga kelele njia nzima. Ukiimba, lazima utoe pumzi ndefu kwa mpangilio. Sisemi kwamba walikuwa wakitibu viuno, jamani. Waliimba kutiana moyo, na wengi walifia njiani. Ila nilianza kuona kwamba pumzi na mzigo havikai mbali.

Mwaka 1997 Paul Hodges na wenzake, huko Australia, walionyesha kwamba kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu, hukaza hata kabla mkono haujainuka, uwe unavuta hewa au unaitoa. Kumbe msuli wa kupumulia unasaidia pia kuushikilia mgongo! Mwaka 2005 Wolf Mehling na wenzake, kule San Francisco, wakalinganisha tiba ya pumzi na fiziotherapia ya kawaida kwa wagonjwa 36 wa kiuno sugu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila tofauti kubwa. Lakini watu 36 ni wachache mno, na nafuu si kupona.

Mtaalamu wangu aliniambia pia: miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, achana na pumzi, kimbilia hospitali.

Hii ni wiki ya sita. Naweza kukaa saa nzima sasa. Ni pumzi, au ni zile jioni za kutembea? Makala hii nimeiandika kwa vipande vitatu, na kati ya kimoja na kingine nilikuwa nimelala sakafuni, magoti juu.