Nyumba za wageni katika malisho ya Masisi

Ukitoka Goma kuelekea magharibi, kilomita kama 25 za kwanza ni za mawe meusi ya volkano na ziwa upande wa kushoto. Hapo Sake barabara inagawanyika, na ile ya Masisi inaanza kupanda papo hapo. Ukifika Mushaki mawe yamekwisha. Kumebaki majani, mikaratusi iliyopandwa iwe mipaka, na ng'ombe wanaolala ndani ya uzio bila mchungaji. Watu wa mjini wakapaita Uswisi ya Kongo, na kuna miaka ambayo mtu aliweza kulipa akalala huko, katika nyumba ya shamba, akaamka wakati wa kukamua. Katika miaka ya 2010 shamba la Kiluku lilijulikana kwa kazi hiyo. Wageni wengi walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada waliokuwa wakiishi Goma: Jumamosi juu ya farasi, Jumatatu ofisini.

Likizo ya namna hii ina kwao, nako ni Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wa vijijini walihamia mijini, wakaacha nyuma maghala na mazizi matupu. Mwaka 1951 nyumba ya kwanza ya kupangisha wageni wa likizo ilifunguliwa Chaudol, katika milima ya Basses-Alpes, kwa juhudi za seneta Émile Aubert. Miaka minne baadaye likaundwa shirikisho la Gîtes de France. Hesabu yao ilikuwa rahisi: serikali imsaidie mkulima kukarabati jengo lake, familia isiyomudu hoteli ipate pa kupumzika, na kijiji kisife.

Masisi mambo yalikwenda kinyume. Huku tatizo halijawahi kuwa upungufu wa watu. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi wa kahawa, chai na pareto. Mashamba yalihitaji vibarua, na Rwanda, iliyokuwa chini ya Wabelgiji haohao, ilionekana imejaa mno. Kuanzia 1937 hadi katikati ya miaka ya 1950, mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda ulileta maelfu kwa maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Gishari, juu ya ardhi ya Wahunde. Nyumba za mawe zenye mabomba ya moshi, ambazo mgeni wa leo angezipiga picha, ni za zama hizo.

Kisha ukaja 1973. Sheria ya Julai ilifanya ardhi yote kuwa ya dola, na tarehe 30 Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Waliokuwa karibu na utawala ndio waliojaza mikono. Mashamba mengi yakageuzwa malisho, maana ng'ombe anataka vibarua wachache kuliko chai. Mkulima aliyekuwa akilima pembeni akajikuta nje ya uzio, na mara nyingi njia yake ya kupata kipande cha kulima ikawa salongo: siku kadhaa za kazi kwa mwenye shamba, ndipo apewe mahali pa kupanda maharagwe. Simlaumu mgeni wa Jumamosi kwa hayo. Lakini uzuri alioufuata, ule uwazi wa kijani usio na nyumba, haukuletwa na mvua peke yake.

Ukarimu wa kulaza wageni, kwa kweli, ulikuwa na makao ya zamani zaidi ya utalii. Mwaka 1954 watawa Watrapisti kutoka Scourmont, abasia ya Ubelgiji inayojulikana kwa bia na jibini ya Chimay, walijenga monasteri Mokoto, karibu na maziwa madogo yenye jina hilo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inawaamuru kumpokea mgeni kama Kristo mwenyewe. Mwaka 1996 wageni wao walikuwa wakimbizi wa vita, Watutsi waliotafuta hifadhi ndani ya kuta hizo. Mwezi Mei washambuliaji waliingia, mamia wakauawa, nao watawa wakaishia Goma.

Vita hivyo vilikuwa vimewashwa miaka mitatu kabla, Machi 1993, katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, vikapanda hadi Masisi ndani ya siku chache. Ng'ombe waliibwa, wakachinjwa, wakavushwa mipaka. Walikale kwenyewe hakukuwa na zizi la kugeuza nyumba ya likizo, ni msitu. Aliyelala huko alifuata biashara, hasa baada ya kasiterite, mawe yenye bati, kugunduliwa Bisie mwaka 2002, ndege ndogo zikawa zinatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, kubeba mawe kwenda Goma.

Malisho ya Masisi yalijazwa upya polepole, na jibini ya mviringo ikarudi sokoni Goma kabla ya mtalii yeyote. Nyumba za kulaza wageni zilifuata mwishoni, na ndizo zilizotangulia kukosa wateja. Februari 2023 kundi la waasi la M23 liliiteka Mushaki, Januari 2025 Masisi mjini na Goma yenyewe, na Machi mwaka huohuo likafika Walikale mjini, kisha likaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Mfaransa aliyepewa ruzuku ya kukarabati ghala lake aliahidi kwa maandishi kulipangisha kwa miaka isiyopungua 10. Tangu soko la Ntoto, sijui ni mwenye shamba gani wa Mushaki angethubutu kutia sahihi karatasi kama hiyo, hata kama pesa zingewekwa mezani.