Sindano ndani ya uvimbe: Tiba ya saratani ya shingo ingali kwenye majaribio

SARATANI ya kichwa na shingo ni jina la jumla la saratani zinazoanzia kinywani, puani, kooni au kwenye kikoromeo. Tumbaku na pombe ndizo chanzo kikuu, na baadhi husababishwa na virusi.

Maradhi haya si mageni nchini. Katika miaka ya 1960, daktari mpasuaji Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, alichunguza saratani ya nyuma ya pua, akashuku moshi wa kuni katika nyumba za nyanda za juu.

Wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Hapo hutibiwa kwa upasuaji, miale na dawa kali za kuua seli, ambazo huweza kumwachia mgonjwa shida ya kumeza na kusema. Ndiyo sababu watafiti wanajaribu kudunga dawa ndani ya uvimbe wenyewe, ili kinga ya mwili iutambue na kuushambulia, bila kutia dawa nyingi katika mwili mzima.

Wazo hili ni la kale. Mwaka 1891 jijini New York, daktari William Coley alidunga bakteria hai kwenye uvimbe wa shingo wa mhamiaji kutoka Italia. Mgonjwa aliugua homa kali, uvimbe ukayeyuka, naye akaishi miaka kadhaa.

Majaribio ya karne hii yametoa matokeo mseto. Mwaka 2010, madaktari wa London walitangaza kuwa walidunga wagonjwa 17 virusi vya malengelenge vilivyodhoofishwa, pamoja na miale na dawa. Uvimbe ulipungua kwa wagonjwa 14. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la kulinganisha. Virusi hivyo viliidhinishwa Marekani mwaka 2015, lakini kwa saratani ya ngozi.

Jaribio kubwa zaidi lilihusu wagonjwa 928 wa saratani ya kinywa, waliodungwa dawa iitwayo Multikine kabla ya upasuaji au kupewa tiba ya kawaida pekee. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kuwa, kwa jumla, dawa hiyo haikurefusha maisha kama ilivyokusudiwa.

Kwa hivyo, mkazi wa Bahati atakayeuziwa "sindano ya kinga" kama tiba kamili ajihadhari. Nchini Kenya, jaribio halali huidhinishwa na kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu. Mshiriki huelezwa hatari zake, hutia sahihi kwa hiari, na anaweza kujiondoa wakati wowote.

Kinachookoa maisha leo ni kuwahi. Kidonda cha mdomoni, sauti ya kukwaruza au uvimbe wa shingo unaodumu zaidi ya wiki tatu ni sababu tosha ya kumwona daktari, ili ikibidi apelekwe hospitali ya rufaa mjini Nakuru mapema.