Nyumba ya nani?

Juzi nilikuwa Mji Mkongwe, Zanzibar, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mume na mke wanakarabati jumba la kale liwe nyumba ndogo ya wageni. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba ni vyembamba, maana upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Fundi mzee kawakataza saruji: inafungia unyevu, ukuta unamomonyoka.

Mke akaniuliza, kibao cha mlangoni kimtaje nani? Tajiri aliyejenga tu, au pia familia zilizopewa vyumba humo baada ya Mapinduzi ya 1964? Nikamwambia, dada, wote. Chokaa tumeiokoa, tusiwafute watu. Au wewe msomaji unasemaje?