Wanaofagia Nyumba za Wasiokuwepo

Mwezi wa Mei, masika yanapopiga na Kusi likivuma, nyumba nyingi za ufukweni Diani, Pwani ya Kusini ya Kenya, huwa zimefungwa. Wenyewe wako Ulaya, ambako jua ndiyo kwanza linaanza kutoka. Umeme umezimwa ili bili isipande, mapazia yamevutwa, makochi yamefunikwa shuka, friji imeachwa mlango wazi. Anayeingia humo ni mtu wa usafi peke yake, na shada lake la funguo. Ndani ni giza na unyevu, na sakafu ni baridi kwa namna ambayo mtalii wa Januari hawezi kuiamini. Magodoro yamefyonza maji ya hewa, viatu vya ngozi kabatini vimeota kuvu, bawaba zimeshika kutu ya chumvi, na popo wa kwenye makuti wameacha mavi yao juu ya chandarua. Kazi yake ni kufungua madirisha, kuanika, kufuta, kupiga deki, kisha kufunga tena. Wiki ijayo atarudi kuyafanya yale yale, maana ukungu wa Pwani haungoji mwenye nyumba.

Mwenzake wa kazi aliyehamia London au Stockholm hulalamikia nyumba ambayo mwenyewe amezima hita akaenda likizo. Yeye wa Diani hulalamikia nyumba ambayo haijafunguliwa dirisha tangu Pasaka. Shida yao ni moja: nyumba isiyoishi mtu haina joto la mtu, na anayeisafisha hana wa kumwambia. Pwani ya Kusini shida hiyo ina historia ndefu, ndefu kuliko hoteli na kuliko hata barabara ya lami. Kwa zaidi ya karne moja, nyumba kubwa za huku zimesafishwa kwa ajili ya watu ambao mara nyingi hawapo, na kalenda ya kazi hiyo imepangwa mahali pengine.

Mfano wa zamani unaoonekana hadi leo uko Gazi, kusini mwa Diani. Hapo ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, mtu aliyepigana na masultani wa Zanzibar kwa miaka mingi, akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, na mwisho akavuka mpaka kukimbilia upande wa Wajerumani. Nyumba yake ilibaki, na baadaye ikageuzwa shule. Mtu ambaye nusu ya maisha yake aliishi vitani au mafichoni hakuwa na nafasi ya kushika ufagio. Katika nyumba za mabwana wa Pwani enzi hizo, waliofagia, waliochota maji, waliotwanga na waliofua walikuwa watumwa, wengi wao wanawake.

Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultan Barghash na Waingereza. Utumwa wenyewe uliendelea. Katika ukanda wa Pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, na hata hapo sheria iliweza kubadilisha hadhi ya mtu bila kubadilisha nani anaamka alfajiri kuwasha moto. Katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989 kuhusu wanawake watatu wa Mombasa, simulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, aliyetoka katika ukoo wa waungwana, imewekwa pamoja na ya Mishi wa Abdala, mzao wa watumwa. Mwenye kuzisoma pamoja huona jinsi uhusiano wa jikoni na uani ulivyodumu, na adabu zake zote, miaka mingi baada ya serikali kutangaza kwamba umekwisha.

Waingereza walipokuja na nyumba zao walihitaji mikono mipya, na Wadigo, wenyeji wa Pwani hii, hawakuwa na haraka ya kuitoa. Walikuwa na minazi, samaki na mashamba. Mtu akitaka fedha ya kodi, alivuka kwenda bandarini Mombasa, akafanya kibarua siku chache, akarudi kwao. Mwanahistoria Frederick Cooper ameeleza kwa kirefu jinsi mtindo huo wa kibarua ulivyowasumbua wakoloni: walitaka mfanyakazi wa kudumu, na mtu wa Pwani alikuwa na njia ya kukataa. Utumishi wa nyumbani ulikuwa kinyume kabisa cha kibarua. Ulimtaka mtu alale penye kazi, aitike akiitwa usiku, na aombe ruhusa ili aende kuzika. Haishangazi kwamba nafasi nyingi za aina hiyo zilijazwa na watu waliotoka mbali, ambao jioni hawakuwa na minazi ya kurudia.

Serikali nayo ilimsaidia mwajiri. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Kisha kikaja kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza: cheti chenye alama za vidole na rekodi ya ajira, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwaka 1926 watumishi wa nyumbani wakaongezewa sheria yao ya kusajiliwa, iliyowataka wawe na kijitabu cha maoni ya waajiri waliotangulia. Neno moja baya la memsahib, bibi wa Kizungu, aliyekasirikia glasi iliyovunjika liliweza kumfuata mtu nyumba hadi nyumba.

Wakati huo wengi wao walikuwa wanaume. Mpishi, mfagiaji na dobi walikuwa wanaume, na mwanamke aliitwa zaidi kwa ajili ya watoto. Mwaka 1928 akina mama wa Kanisa la St Andrew's, Nairobi, walichapa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa walowezi, kikiwa na maelekezo ya Kiswahili ya kumpa mtumishi. Kiswahili chenyewe ni cha amri tupu. Msomaji wa Pwani akikiona leo atacheka kidogo, kisha ataacha kucheka.

Kwale mjini kulikuwa na sura nyingine ya kazi hiyo. Wilaya iliitwa Digo enzi hizo, na boma lake lilipandishwa juu ya milima ya Shimba, mbali na joto na mbu wa ufukweni. Mzungu alipapenda kwa ubaridi wake. Lakini ubaridi ule ule ulimkuta mtumishi kabla haujamfikia bwana. Julai na Agosti ukungu hutanda Shimba asubuhi, majani huwa yamelowa, na kuni zenye umande haziwaki upesi. Maji ya kuoga ya bwana yalipaswa kuwa moto bwana anapoamka. Aliyeyachemsha alioga ya baridi, akioga.

Ufukweni mambo yalikwenda polepole hadi feri ya Likoni ilipoanza mwaka 1937. Walowezi wa bara walizoea kuteremka Pwani kupunga hewa, na sasa gari liliweza kufika Tiwi na Diani kwa urahisi zaidi. Vikajengwa vibanda vya likizo vya makuti ndani ya msitu, baadhi vikaja kuwa hoteli. Mpangilio wa viwanja hivyo bado unasomeka ardhini: nyumba ya mwenyewe inatazama bahari, na chumba cha mtumishi kiko nyuma, upande wa barabara, bila upepo. Mwenye nyumba alikuja Krismasi na Pasaka. Miezi iliyobaki nyumba ilikuwa chini ya mtu wa chumba cha nyuma, akipigana na mchwa, na kima wanaojua kufungua dirisha kuliko wezi.

Januari 13, 1947 Mombasa iligoma. Mgomo huo hukumbukwa kama wa makuli wa bandarini, na ni kweli ndio waliokuwa uti wake wa mgongo, lakini watumishi wa hoteli na wa majumbani nao waliacha kazi. Kwa siku kadhaa nyumba za wakubwa zikakosa wa kupika na wa kufagia. Mgomo ulizaa African Workers' Federation, na Chege Kibachia, aliyeiongoza, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo akawekwa kizuizini Baringo kwa miaka kumi. Chama cha leo cha wafanyakazi hawa, KUDHEIHA, kinawaweka wa majumbani na wa hotelini chini ya mwavuli mmoja. Kwa bahati mbaya, mwavuli huo umewakinga wa hotelini zaidi, na sababu si ngumu kuiona: hotelini kuna wafanyakazi mia mahali pamoja, wana sare, wana mwakilishi. Kwenye nyumba ya ufukweni kuna mmoja, na lango limefungwa.

Tofauti hiyo ilipanuka baada ya uhuru. Kuanzia miaka ya 1960 ndege za kukodiwa zilileta Wajerumani, Waswisi, Waingereza na baadaye Waitaliano, na majina kama Jadini, Trade Winds, Two Fishes na Leisure Lodge yakawa anwani za ajira kwa vijana wa Ukunda na kwa wahamiaji wa kutoka bara. Baadhi ya wageni walipenda mahali hata wakajenga nyumba zao, Diani, Galu, na kusini zaidi juu ya majabali ya matumbawe ya Msambweni. Nyumba hizi ndizo zilizowaingiza wanawake katika kazi kwa wingi. Mama wa Mwabungo au Kinondo angeweza kwenda asubuhi, akafagia, akafua, akarudi jioni kwa wanawe. Kazi ya kutolala ilikubalika nyumbani kuliko ile ya kulala. Waajiri nao waligundua kwamba mwanamke wa kijiji cha karibu anakubali malipo ambayo mpishi mwanaume wa zamani angeyatupa.

Hapo ndipo baridi ya Ulaya ilipogeuka kuwa ratiba ya Kwale. Theluji ikianguka Munich, nyumba ya Diani inafunguliwa: Desemba hadi Machi mtu wa usafi hufua shuka kila siku. Ulaya ikipata joto, nyumba inafungwa, na mshahara wa mwezi hugeuzwa malipo ya siku mbili kwa wiki, au ahadi. Kazi yenyewe haipungui. Nyumba iliyofungwa wakati wa mvua huchafuka kuliko yenye wageni, tena kwa uchafu mgumu zaidi. Jambo hili wenye nyumba wengi hawalijui, kwa kuwa hawajawahi kuiona nyumba yao mwezi wa Juni.

Mara nyingine kufungwa huja ghafla. Usiku wa Agosti 13, 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na vurugu zilizofuata ziliwalenga watu wa bara. Wafanyakazi wengi wa majumbani waliokuwa wametoka bara walifunga mizigo, watalii wakafuta safari, na wenyeji wakabaki na funguo za nyumba zisizo na mgeni. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilirudisha hali hiyo. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na ukanda wa Pwani kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwemo katika onyo hilo, lakini Diani ilikosa wageni vilevile. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kwa sababu ya korona, na Aprili Kwale, Mombasa na Kilifi zikafungiwa kuingia na kutoka. Wenye nyumba walikwama makwao. Waliokuwa waungwana walituma M-Pesa kila mwezi. Wengine walituma ujumbe wa pole.

Baadhi ya wasichana wa Pwani walichagua kuvuka bahari. Kazi ya nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba ililipa zaidi, na mawakala waliitafutia watu hadi vijijini. Malalamiko ya mateso yaliifanya serikali ya Kenya kuzuia safari hizo mwaka 2014, kisha ikaziruhusu tena mwaka 2017 kwa masharti ya kusajili mawakala. Mtu hamwachi mama yake Msambweni akafagie Riyadh kwa kupenda vumbi la jangwa. Huenda kwa sababu hesabu ya nyumbani haikufika.

Na hesabu hiyo iko kwenye maandishi. Kwa amri ya mishahara iliyoanza Mei 1, 2022, kima cha chini cha mfagiaji au mtumishi wa nyumbani katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi. Katika kundi la "maeneo mengine yote", ambamo sehemu kubwa ya nchi imewekwa, kilikuwa shilingi 8,109.90. Likoni ni Mombasa. Ukipita Shika Adabu ukaingia Ngombeni, uko Kwale, na thamani ya deki ile ile imeshuka karibu nusu. Mwaka 2024 serikali iliongeza asilimia 6 pande zote, na asilimia 6 ya kidogo ni kidogo. Wakati huohuo nyumba za Diani hutangazwa mtandaoni kwa dola na yuro, na kodi ya usiku mmoja au miwili ya nyumba kubwa hutosha kuufikia mshahara huo wa mwezi mzima.

Sheria ya kima cha chini humzuia mwajiri kushuka. Haijawahi kumkataza kupanda. Mwenye nyumba ya ufukweni anayesoma makala haya, awe Mzungu, Mhindi, mtu wa Nairobi au mwenyeji, amlipe anayemshikia funguo kwa kiwango cha Mombasa, na amlipe Mei na Juni sawasawa na Desemba, kwa mkataba ulioandikwa. Wabunge wa Msambweni, Matuga, Kinango na Lunga Lunga nao wana la kuuliza bungeni: kwa nini mji kama Diani unaolipisha wageni bei za miji mikubwa uendelee kuhesabiwa kuwa "maeneo mengine" siku ya mshahara?